Kalkulasi Mpakani: Tahakiki ya Kozi ya Mwaka wa Kwanza kwa Jicho la Mwalimu wa Lugha

Utangulizi

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi tahakiki za riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tumechagua matini ya aina nyingine kabisa: kozi ya utangulizi ya kalkulasi, ile wanayofundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi, uhandisi na ualimu wa hisabati. Huenda msomaji akauliza, idara ya Kiswahili ina shughuli gani na kalkulasi? Jibu letu ni kwamba kozi nayo ni matini. Ina mwanzo, kati na mwisho. Ina msamiati wake na mifano yake. Na ina msomaji ambaye mtunzi alimwazia alipokuwa akiiandaa. Swali la kwanza la mhakiki basi ni lile lile la siku zote: je, matini hii inamfikia anayekusudiwa?

Tumeiweka tahakiki hii Busia na Tororo kwa sababu maalumu. Upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika Wilaya ya Busia, mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo. Kampasi yake ya Nagongera, katika Wilaya ya Tororo, ilikuwa chuo cha taifa cha ualimu, na hadi leo huandaa walimu wa sayansi na hisabati. Upande wa Kenya, karibu na mji wa Busia, kuna Alupe, iliyoanza mwaka 2015 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2022. Katika eneo dogo kama hili, nchi mbili zinawaandaa vijana wake kwa somo lile lile.

Ifahamike kwamba hatukusudii kukihukumu chuo hiki au kile, wala mhadhiri yeyote. Tunahakiki kozi kama ilivyozoeleka katika vyuo vya kanda yetu na katika vitabu vinavyotumiwa kuifundisha.

Darasa moja, historia mbili

Kabla hatujaitazama kozi yenyewe, yafaa tumtazame msomaji wake. Zamani nchi zetu zilishirikiana katika mitihani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Baadaye kila nchi ilijiundia baraza lake, Kenya mwaka 1980 na Uganda mwaka 1983. Mwaka 1985 Kenya ikaingia katika mfumo wa 8-4-4, ambao uliondoa kidato cha tano na cha sita. Uganda ikabaki navyo.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kenya wa mfumo huo hukutana na kalkulasi katika Kidato cha Nne, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Hujifunza mteremko wa mchoro uliopinda, kanuni ya kushusha kipeo, na eneo lililo chini ya mchoro, kisha mtihani unafika. Mwenzake wa Uganda aliyechukua hisabati kama somo kuu huishi na kalkulasi kwa miaka miwili, akaingia katika trigonometria, logi na milinganyo yenye kasi za mabadiliko ndani yake. Wawili hawa wanaweza kuketi katika benchi moja, maana wanafunzi wa mpakani huvuka kwenda kusoma kama wazazi wao wanavyovuka kwenda sokoni.

Kozi ya kawaida haiwatambui. Humwazia msomaji mmoja tu, asiye na historia. Kwa hiyo mmoja hudhani anajua kwa kuwa amewahi kuona, na mwingine hudhani hawezi kwa kuwa aliona kidogo na kwa haraka. Wote wawili huishia mahali pamoja: kukariri kanuni. Aidha, mambo yanazidi kuwa mengi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wa Kenya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Watakapofika vyuoni wataleta historia ya tatu.

Mwanzo uliotolewa mwisho wa hadithi

Mpangilio wa kozi unajulikana. Huanza na fankisheni, yaani kanuni inayooanisha kila thamani ya kitu kimoja na thamani moja ya kingine. Hufuata kikomo, kisha mwendelezo, kisha kasi ya badiliko, kisha matumizi yake, na mwisho ujumlishaji. Kimantiki mpangilio huu hauna kasoro, kwani kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia.

Kihistoria, hata hivyo, mambo yalikwenda karibu kinyume. Archimedes, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alikuwa tayari akipima maeneo ya maumbo yaliyopinda kwa kuyakadiria kwa vipande. Newton na Leibniz walifanya kazi yao katika nusu ya pili ya karne ya 17. Leibniz alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1684, na kitabu kikuu cha Newton kikatoka mwaka 1687. Maelezo makini ya kikomo hayakupatikana mpaka karne ya 19, kwa Cauchy mwaka 1821 na kwa Weierstrass baada yake. Kwa maneno mengine, wataalamu walitumia kalkulasi kupima sayari na mizinga kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kupatikana kwa jambo ambalo mwanafunzi wetu anatakiwa alielewe katika wiki ya pili.

Mwalimu wa lugha anaifahamu hasara hii. Mgeni anayeanza Kiswahili kwa jedwali la ngeli zote, na upatanisho wake wote, huweza kulijaza jedwali bila kosa na bado ashindwe kuomba maji ya kunywa. Jedwali ni la kweli, na lina siku yake, lakini siku hiyo si ya kwanza. Vivyo hivyo hatusemi kikomo kiondolewe. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi aonyeshwe kwanza swali ambalo kikomo kilizaliwa kulijibu.

Mifano isiyoweza kupimwa

Upungufu wa pili uko katika mifano. Kuna mifano inayohama kutoka kitabu hadi kitabu kwa vizazi: ngazi inayoteleza ukutani, tangi lenye umbo la pia linalojaa maji, mkulima anayezungushia ua shamba lililo kando ya mto, bonge la theluji linaloyeyuka. Wahakiki wengi hukimbilia kuicheka theluji. Sisi hatuoni kwamba theluji yenyewe ndiyo tatizo. Msomaji wa fasihi anaweza kuingia katika nchi asiyowahi kuiona, na mwanafunzi wa Tororo naye anaweza kuwazia theluji.

Tatizo ni kwamba mwanafunzi hana la kulipimia jibu lake. Akipata kwamba bonge linapungua kwa sentimita 40 kwa dakika, hakuna kitu katika maisha yake kitakachomwambia kwamba amekosea. Lakini akipata kwamba baiskeli ya kubeba abiria inakwenda kilomita 400 kwa saa kutoka geti la Busia, atacheka mwenyewe na kurudi kukagua hesabu yake. Mfano mzuri humpa mwanafunzi uwezo wa kujisahihisha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mfano na pambo.

Tujaribu basi. Tuseme mwendesha baiskeli anaondoka getini akiongeza mwendo, na umbali wake kwa mita ni 50 mara mraba wa dakika zilizopita. Baada ya dakika 2 yuko mita 200. Baada ya dakika 3 yuko mita 450. Wastani wa kasi yake katika dakika hiyo ya tatu ni mita 250 kwa dakika. Lakini swali letu ni hili: alipotimiza dakika 2 kamili, alikuwa na kasi gani? Tupunguze muda. Kuanzia dakika 2 hadi 2.1 anasogea mita 20.5, sawa na mita 205 kwa dakika. Kuanzia 2 hadi 2.01 anasogea mita 2.005, sawa na mita 200.5 kwa dakika. Muda ukizidi kufupishwa, jibu linaikaribia 200, ambayo ni kilomita 12 kwa saa, mwendo ambao mguu wa mtu unaujua. Hakuna hatua hata moja tuliyoigawa sifuri kwa sifuri. Tuliikaribia tu. Hapo sasa mwanafunzi anahitaji jina la kitu hiki kinachokaribiwa, na hapo ndipo kikomo kinapostahili kuingia.

Kikomo na mpaka

Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa kikomo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mpaka. Kumbe basi wakazi wa Busia na Malaba wanaishi ndani ya dhana hii, na hakuna aliyewaambia.

Kozi hufundisha kwamba nukta moja inaweza kukaribiwa kutoka kushoto na kutoka kulia, na kwamba kikomo kipo pale tu pande mbili zinapokubaliana. Mwanafunzi huliandika hilo kwa alama ya jumlisha na ya toa juu ya herufi, mara nyingi bila kuona maana yake. Lakini tuchukue bei ya kilo moja ya bidhaa, tuitazame kwa kutembea kutoka Kenya kuelekea geti, kisha kutoka Uganda kuelekea geti lile lile. Kodi za nchi mbili zikitofautiana, bei tunayoifikia kutoka upande mmoja si ile tunayoifikia kutoka upande wa pili. Getini bei inaruka. Hiyo ndiyo fankisheni isiyo na mwendelezo.

Historia ya eneo hili inatoa mfano mzito. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda sana. Mkulima wa Uganda, chini ya utawala wa Idi Amin, alilipwa kidogo na bodi ya serikali, ilhali ng'ambo ya mpaka kahawa hiyo hiyo ilipata bei ya juu. Magunia yakavuka usiku kuingia magharibi mwa Kenya. Magendo huishi palepale ambapo vikomo viwili havikutani. Tunaamini mwanafunzi aliyelielewa sentensi hiyo hatausahau mwendelezo.

Kuna pia yale yasiyoruka. Mvua haibadiliki ghafla getini, wala mwinuko wa ardhi. Kiteso husemwa pande zote mbili, na anayetoka Amagoro kwenda Tororo hapati hatua moja ambapo lugha hiyo inakatika. Wanaisimu wamekuwa wakilieleza jambo la namna hii kwa jina la mwendelezo wa lahaja, na neno ni lile lile la wanahisabati. Mpaka wa serikali nao umekuwa ukihama: mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mstari ulihama, watu na lugha zao wakabaki walipokuwa.

Foleni ya Malaba

Malaba imekaa mahali panapokutana Kaunti ya Busia ya Kenya na Wilaya ya Tororo ya Uganda, na malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na mbele zaidi hupita hapo. Foleni zake zinajulikana. Januari 2022, Uganda ilipoagiza madereva wapimwe virusi vya korona mpakani kwa malipo, madereva walikataa, foleni ikaenea kilomita nyingi upande wa Kenya, na mafuta ya petroli yakaadimika Uganda.

Tuunde mfano wetu kutoka hapo. Tuseme malori 60 yanafika kila saa, na yanayoruhusiwa kupita ni 40. Foleni inaongezeka kwa malori 20 kila saa. Baada ya saa 6 yamesimama malori 120. Kama kila lori na nafasi yake linachukua mita 20, foleni ni ya kilomita 2.4. Hapa tumejumlisha kasi ya badiliko kupata jumla, na huo ndio ujumlishaji wa kalkulasi.

Sasa tuseme maafisa wanaongeza bidii, na kila saa inayopita uwezo wa kupitisha malori unapanda taratibu kwa malori 5 kwa saa. Foleni inaanza saa sifuri ikiwa haina lori hata moja. Je, itaanza kupungua lini? Wengi watasema mara moja, kwa kuwa kazi inaboreka tangu mwanzo. La hasha. Kasi ya kuongezeka kwa foleni ni 20 ukitoa mara 5 ya saa zilizopita. Kasi hiyo inafika sifuri saa ya 4, wakati uwezo wa kupitisha unapolingana na wa kufika. Mpaka hapo foleni imekuwa ikirefuka, ingawa polepole zaidi, na saa hiyo ya 4 ndiyo imefika kilele, malori 40. Ndipo inaanza kupungua, na inakwisha saa ya 8.

Katika aya hiyo moja mna kasi ya badiliko, kilele na ujumlishaji, yaani sehemu kubwa ya kozi nzima. Tena mna somo la uongozi: anayelaumu maafisa saa ya 3 kwa kuwa foleni bado inakua, huenda analaumu watu wanaofanya lililo sahihi.

Kalkulasi katika lugha ya kila siku

Hapa tunafika kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha moja kwa moja. Kila siku magazeti na redio hutoa habari za kalkulasi kwa Kiswahili, na kila siku wasikilizaji huzipokea vibaya. Inatangazwa kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Msikilizaji anakwenda sokoni akitarajia bei imeshuka, akarudi akiwaita watangazaji waongo. Lakini mfumuko ni kasi, si bei. Kitu cha shilingi 100 kikipanda kwa asilimia 10, kinakuwa shilingi 110. Mwaka unaofuata kikipanda kwa asilimia 5, kinakuwa shilingi 115 na senti 50. Mfumuko umepungua nusu, na bei imepanda. Kuchanganya kitu na kasi yake ndilo kosa ambalo kozi ya kalkulasi ipo ili kuliondoa.

Hata sarufi yetu ina mtego. Tunaposema bei inazidi kupanda, tunamaanisha nini? Yaweza kuwa inaendelea kupanda, au kwamba inapanda kwa kasi kubwa zaidi ya awali. Kwa mwanahisabati hayo ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika tafsiri ya ripoti ya uchumi hana budi kuchagua, na hawezi kuchagua vyema kama haoni tofauti.

Kwa upande mwingine, lugha yetu ina hazina. Haba na haba hujaza kibaba: huo ni ujumlishaji wa vipande vidogo. Bandu bandu huisha gogo, na chovya chovya humaliza buyu la asali: huo ni ujumlishaji uleule, ila kasi iko upande wa kupunguza. Methali hazitoi jibu la swali la lini kibaba kitajaa, na hapo ndipo hisabati inapochukua usukani. Hata hivyo mwanafunzi anayeanzia kwenye methali anajua tayari anachotafuta.

Suala la istilahi

Jina la kalkulasi lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe, kwa kuwa watu walihesabu kwa vijiwe. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kukosa kutabasamu, maana sisi tunasema kokotoa na tunasema kokoto. Mfanano huo unatosha kulifanya somo lisionekane limeshuka kutoka mbinguni.

Mwaka 1910 Silvanus Thompson, mwalimu wa Uingereza, alichapisha kitabu kidogo kilichokusudia kuifanya kalkulasi iwe rahisi. Alianza kwa kueleza alama mbili za kutisha kwa maneno ya nyumbani: herufi d isomwe kama kipande kidogo cha kitu, na ile S ndefu isomwe kama jumla. Ilimbidi atumie maneno kadhaa kwa jambo ambalo lugha zetu hulifanya kwa silabi moja. Kiswahili cha mpakani kina ka- ya udogo, ambayo wasanifishaji huikunjia uso lakini kila mtu huitumia: kagari, kamtoto. Kiganda nacho kina akasozi kwa kilima kidogo. Tunapendekeza mwalimu athubutu kuisoma dx kama ka-x, angalau kwa siku ya kwanza. Msemaji wa Kiteso au Kidhopadhola, ambaye lugha yake ya kwanza haina ngeli za namna hiyo, ameshaizoea ka- hiyo sokoni.

Vipi kuhusu istilahi kuu, ile ya kasi ya badiliko? Kuna wanaopenda kuiita kwa neno lenye mzizi wa nyambua. Tunaona hatari. Kwetu mnyambuliko ni piga, pigia, pigana, pigisha: shina linaongezewa viambishi na kuzaa neno jipya. Mwanafunzi atapata picha ya kitu kinachozaliwa na kingine, jambo ambalo ni kweli, lakini hatapata picha ya mwendo, ambayo ndiyo roho ya dhana. Kasi ya badiliko ni refu, lakini linajieleza.

Zaidi ya yote, idara kama yetu zisijidanganye kwamba orodha ya istilahi ndiyo dawa. Neno maarufu kuliko yote yaliyozaliwa Busia ni boda boda. Halikutungwa na kamati. Lilitokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza walilolipa sauti ya Kibantu. Leo linatumika kote Afrika Mashariki. Lilishinda kwa sababu kazi ilikuwepo kabla ya neno. Istilahi za kalkulasi nazo zitaota pale tu watu watakapokuwa wanaifanya kalkulasi kwa Kiswahili.

Pingamizi mbili

Tunatambua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na vitabu ni vya Kiingereza. Ni kweli, na hatupendekezi mwanafunzi anyimwe Kiingereza. Alama za Leibniz na lugha ya vitabu zinamwezesha kijana wa Nagongera kusoma kazi ya mtu wa Nairobi, Dar es Salaam au Chicago, na hilo ni sifa kubwa ya kozi hii. Tunachosema ni kwamba kuelewa na kujibu mtihani ni hatua mbili. Dhana ikishaeleweka kwa lugha yoyote, kuivika Kiingereza ni kazi ndogo. Kiingereza kikikaririwa bila dhana, hakuna cha kuvika. Tanzania hufundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: Kiswahili si lugha ya kwanza ya wengi hapa, na katika Uganda kilibeba kwa miaka mingi sifa mbaya ya lugha ya askari. Hatulikani hilo. Lakini hali imekuwa ikibadilika. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Muhimu zaidi, Busia na Malaba hazikusubiri azimio. Msamia, Mteso, Mjopadhola na Mganda wamekuwa wakipatana bei kwa Kiswahili, na kupatana bei ni hesabu. Lugha inayotosha kwa hesabu ya sokoni ina msingi wa kujengea hesabu ya darasani.

Hitimisho

Uamuzi wetu juu ya matini hii ni kama ufuatao. Kozi ya kwanza ya kalkulasi ni kazi yenye muundo imara na fikra zilizokomaa, na haistahili kudharauliwa wala kulegezwa. Upungufu wake ni wa usimulizi. Inaanza pasipo swali, inatumia mifano ambayo msomaji hawezi kuipima, na haimpi nafasi ya kusema kwa kinywa chake kile anachokifanya kwa kalamu.

Jambo hili lina uzito kwa sababu wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu. Mwalimu anayejua kushusha kipeo lakini hawezi kusema alichokipata kinamaanisha nini, atapeleka kanuni tupu Kidato cha Nne cha Kenya na S5 ya Uganda, na wanafunzi wake watairudisha kanuni hiyo hiyo vyuoni miaka michache baadaye. Kama foleni ya Malaba, tatizo litaendelea kurefuka hata baada ya juhudi kuanza, na hiyo isiwe sababu ya kuziacha.

Kwa walimu wenzetu wa hisabati tunapendekeza mambo mawili: kila dhana mpya itanguliwe na mfano mmoja wa mpakani ambao jibu lake mwanafunzi anaweza kulikagua kwa macho, na kila jibu la mwisho liandikwe pia kwa sentensi moja isiyo na alama, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote anayoimudu. Kwa wanafunzi wetu wa Kiswahili tunapendekeza moja: chukueni ripoti ya bei au ya idadi ya watu, muitafsiri, kisha mkae na mwanafunzi wa hisabati awaonyeshe ni wapi mmechanganya kitu na kasi yake. Tafsiri zitakazotokana na zoezi hilo tutafurahi kuzichapisha katika matoleo yajayo.